Daktari Aliyewapeleka Wagonjwa Kijijini: Maisha ya Thomas Adeoye Lambo

Kurasa kama hizi zimezoea habari za washairi, wapigania uhuru na wanariadha. Mara hii nawaletea daktari. Tena si daktari wa malaria wala wa kupasua matumbo, bali daktari wa akili. Najua wengine wenu mmeshaanza kucheka. Hapa kwetu Kenya ukitaja ugonjwa wa akili, neno la kwanza kumjia mtu ni Mathari, na linamjia kama tusi. Vumilieni kidogo. Mtu huyu alikuwa Mwafrika kama sisi, alisoma shule ya wavulana kama vijana wengi wa hapa, na jambo alilolifanya linatuhusu sisi wa Kasikeu kuliko mnavyodhani.

Jina lake ni Thomas Adeoye Lambo. Alifariki zaidi ya miaka 20 iliyopita, lakini swali alilojiuliza bado liko nasi: je, mtu akishapatwa na ugonjwa wa akili, nani amshike mkono mpaka asimame tena? Na jamaa zake waliochoka, wao washikwe mkono na nani?

KUZALIWA NA MASOMO

Lambo alizaliwa tarehe 29 Machi 1923 katika mji wa Abeokuta, kusini magharibi mwa Nigeria, nchi ya Wayoruba. Kwa lugha yao jina Abeokuta lina maana ya chini ya mwamba. Mji umeuzunguka mwamba mkubwa uitwao Olumo, ambao wazee wao waliufanya ngome wakati wa vita vya karne ya 19. Sisi ambao tumezoea kutazama kilima cha Nzaui tunajua jinsi jiwe moja linavyoweza kuwa kama mzee wa kijiji.

Alisoma katika shule ya Baptist Boys' High School papo hapo Abeokuta. Shule hiyo si mchezo. Ndiyo waliyosoma pia Olusegun Obasanjo, aliyekuja kuwa rais wa Nigeria, na tajiri Moshood Abiola. Kijana Lambo alipomaliza alivuka bahari hadi Uingereza, akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Alihitimu mwishoni mwa miaka ya 1940. Baadaye alikwenda London kusomea magonjwa ya akili, kazi ambayo wakati ule Waafrika walioisomea ungeweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vikabaki. Huko Uingereza ndiko alikompata mke wake, Dinah Violet Adams, nao wakajaliwa watoto.

Angeweza kubaki Ulaya akala mshahara mnono. Hakubaki. Alirudi nyumbani, na mwaka 1954 akapewa kazi ya kusimamia hospitali mpya ya wagonjwa wa akili huko Aro, nje kidogo ya mji wake wa kuzaliwa.

MAMBO YALIVYOKUWA WAKATI ULE

Ili tuelewe alichokifanya, hebu kwanza tutazame hali ilivyokuwa. Serikali za kikoloni hazikujenga hospitali za akili ili watu wapone. Zilijenga mahali pa kuwafungia watu waliosumbua barabarani. Nigeria walikuwa na nyumba ya namna hiyo Yaba, Lagos, tangu mwaka 1907. Abeokuta penyewe palikuwa na nyingine mahali paitwapo Lantoro, ndani ya jela ya zamani, ambamo waliwekwa askari waliorudi na akili zilizovurugika kutoka Vita vya Pili vya Dunia.

Sisi tusiwacheke. Hapa Kenya, Mathari ilifunguliwa mwaka 1910 katika majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui. Ilipewa jina la Mathari mwaka 1924. Toka mwaka 1938 hadi 1950 msimamizi wake alikuwa daktari mmoja aitwaye J. C. Carothers, ambaye alipokabidhiwa hospitali hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Lakini aliyoyaandika baadaye yalisomwa dunia nzima. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alidai kwamba Mwafrika hautumii ubongo wa mbele kama Mzungu, eti anafanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikamtumia kueleza kwa nini watu wa Mau Mau walipigana, kana kwamba kudai shamba lako ni maradhi.

Haya ndiyo yaliyokuwa yakisomwa wakati Lambo anarudi kwao. Fikiria mwenyewe. Wewe ni Mwafrika, umesomea ubongo huo huo kwa Wazungu hao hao, halafu unafungua kitabu cha kazi yako unakuta umeandikwa kuwa nusu mtu. Wengine wangekasirika na kuishia hapo. Lambo aliandika makala za kupinga maoni hayo, na zaidi ya kuandika, alifanya kazi iliyoonyesha kwamba hayakuwa na msingi.

HOSPITALI ISIYO NA UKUTA

Alipofika Aro, majengo yalikuwa bado hayajakamilika. Wagonjwa wapo, vitanda havipo. Mtu mwingine angeandika barua kwa serikali, akakaa kusubiri. Lambo alitazama vijiji vilivyokuwa jirani na hospitali, akaenda kuzungumza na wazee. Ombi lake lilikuwa hili: wanavijiji wawapokee wagonjwa wakae nao majumbani kwa kodi, na mchana wagonjwa waende hospitalini kutibiwa.

Bila shaka ombi hilo lilihitaji ujasiri. Jaribu kwenda kwa mzee wa kijiji chochote leo umwambie akupangishie chumba kwa ajili ya mtu anayezungumza peke yake. Lakini wazee wa Aro walikubali, na hawakukubali kwa maneno matupu. Hospitali iliwakopesha wenye nyumba fedha za kuongeza vyumba. Ilisaidia kuleta maji safi, kuchimba vyoo na kupambana na mbu. Kwa hiyo kijiji kilipata, na mgonjwa alipata. Hii ni akili ya mtu anayekielewa kijiji. Alijua kwamba ukitaka jirani akubebee mzigo, nawe mpunguzie wake.

Kulikuwa na sharti moja kubwa. Mgonjwa hakupokelewa peke yake. Ilibidi aje na angalau ndugu mmoja: mama, dada, kaka, shangazi, yeyote aliyekuwa tayari kukaa naye. Ndugu huyo alimpikia, alimfulia, alimpeleka hospitalini asubuhi na kumrudisha alasiri. Hospitalini mgonjwa alipewa dawa na matibabu yote ya kisasa ya wakati ule. Akitoka hapo alirudi katika maisha ya kawaida. Alikuta watu wanalima, watoto wanacheza, jioni kuna ngoma, Jumapili kuna kanisa. Hakuna geti wala sare. Hakuna aliyemtazama kama mnyama wa kufungiwa.

Nataka tulitafakari sharti lile la ndugu, maana ndipo penye siri. Katika hospitali za ukuta, mgonjwa akiingia jamaa zake wanarudi nyumbani. Miezi inapita. Siku anayotoka anakuwa kama mgeni. Jamaa hawajui dawa zake ni zipi, hawajui dalili za ugonjwa kurudi zikoje, na pengine wanamwogopa. Lakini kule Aro, mama aliyekaa na mwanawe kwa wiki au miezi alikuwa amejifunza. Alijua kijana akianza kukosa usingizi ni ishara gani. Alijua kunyamaza kwa uchovu si sawa na kunyamaza kwa ugonjwa. Alikuwa amekutana na akina mama wengine wenye mzigo kama wake, akajua kwamba hakulaaniwa peke yake. Waliporudi kwao waliondoka wawili: mmoja amepata nafuu, mwingine amekuwa nusu muuguzi.

Zingatieni pia kwamba kijiji hakikuwa makao ya maisha. Kilikuwa kama daraja la kumvusha mgonjwa kati ya hospitali na nyumbani, na daraja hujengwa ili watu wavuke.

WAGANGA NA DAKTARI

Jambo jingine lililowashangaza wengi ni kwamba Lambo aliwaita waganga wa kienyeji wafanye kazi pamoja naye. Wapo Wazungu waliosema amerudi gizani. Wapo pia wasomi Waafrika waliosema anawaaibisha.

Yeye aliona hivi: mtu wa kijijini akiugua akili, kwanza anapelekwa kwa mganga, upende usipende. Mganga anajua ugomvi wa ukoo, anajua nani alimlaani nani, anajua hofu za watu. Daktari aliyesoma London hajui hayo. Kwa hiyo Lambo hakuwakabidhi waganga sindano na vidonge. Aliwatumia kuzielewa imani za wagonjwa na kusaidia katika maisha yao ya pamoja kijijini. Sisi Wakamba tunao andu awe wetu, na sote tunajua kwamba njia ya kwenda kwao haijaota nyasi. Kujifanya hawapo hakumsaidii mgonjwa.

WANAFUNZI NAO

Wenzangu, sehemu hii isomeni mara mbili. Lambo alichunguza pia matatizo ya wanafunzi wa Nigeria waliokuwa wakisoma Uingereza, maana baadhi yao walikuwa wakivunjika akili huko ugenini. Walikuwa wamebeba matumaini ya ukoo mzima. Shamba limeuzwa, ng'ombe wameuzwa, kijiji kizima kinangoja cheti. Kijana yuko peke yake katika chumba chenye baridi, hana nyanya wa kumwambia apumzike.

Huko huko Aro alifanya kazi daktari kutoka Kanada aitwaye Raymond Prince. Mwaka 1960 Prince aliandika kuhusu wanafunzi wa Nigeria waliolalamika kwamba kichwa kinawaka moto, macho hayashiki maandishi, na wakisoma hakuna kinachoingia. Wanafunzi wenyewe walisema ubongo wao umechoka. Wataalamu wamebishana baadaye kama huo ni ugonjwa wa pekee au ni huzuni na wasiwasi kwa jina jingine. Mimi sitaingia katika ubishi huo. Nasema tu kwamba yeyote aliyekaa kidato cha nne akingojea mtihani wa KCSE anajua walichokuwa wakikisema.

SIFA DUNIANI

Nigeria ilipata uhuru mwaka 1960. Mwaka 1961 Lambo aliandaa pale Abeokuta mkutano wa kwanza wa madaktari wa akili wa Afrika nzima. Wakati huo huo alishirikiana na Alexander Leighton wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, katika uchunguzi mkubwa wa magonjwa ya akili kwa Wayoruba, mjini na vijijini, wakalinganisha na watu wa wilaya moja ya Kanada. Kitabu chao kilitoka mwaka 1963. Kilionyesha kwamba maradhi ya akili ya Mwafrika na ya Mzungu yanaweza kutambuliwa kwa njia moja na kupimwa kwa mizani moja. Yale madai ya ubongo wa mbele yakabaki bila miguu.

Mwaka 1963 Lambo alikwenda Chuo Kikuu cha Ibadan kuwa profesa, na Tolani Asuni akashika usukani wa Aro. Pale Ibadan Lambo alipanda hadi kuwa makamu wa mkuu wa chuo mwaka 1968. Mwaka 1971 aliitwa Geneva kwenye Shirika la Afya Duniani, akawa naibu mkurugenzi mkuu tangu mwaka 1973 hadi 1988. Sijui kama mmeona ajabu hiyo. Ni shirika lile lile lililochapisha kitabu cha Carothers mwaka 1953. Miaka 20 haikupita kabla Mwafrika hajaingia kwa mlango wa mbele na kuketi karibu na kiti cha juu.

Shirika hilo lilifanya uchunguzi mwingine katika nchi kadhaa, Ibadan ikiwa mahali pamojawapo. Uliwafuata watu wenye ugonjwa mkali wa akili kwa miaka miwili na zaidi. Ilionekana kwamba wagonjwa wengi wa Ibadan walipata nafuu kuliko wa miji tajiri ya Ulaya. Wataalamu wamejadiliana sana kuhusu sababu, na hawajamaliza. Lakini wengi walitaja familia na kazi za shamba ambazo mgonjwa angeweza kuzirudia taratibu.

Lambo alifariki tarehe 13 Machi 2004, akiwa na umri wa miaka 80, akikaribia 81.

KILICHOKWAMA

Sipendi kuandika maisha ya mtu kana kwamba hakukuwa na kasoro. Mpango wa vijiji haukubaki ulivyoanza. Miaka ilivyosonga, mji ulipanuka na maisha yakapanda bei. Ndugu wa kuacha kazi akakae na mgonjwa alizidi kuwa adimu. Na mara nyingi ndugu huyo alikuwa mwanamke, ambaye shamba lake lilibaki bila mtu. Mambo mazuri yanayobebwa na mgongo wa mtu mmoja huanguka mgongo ukichoka.

Hata hivyo mbegu ilikuwa imeota. Senegal, katika hospitali ya Fann mjini Dakar, mgonjwa alikuja kulazwa pamoja na jamaa yake. Tanzania nao walianzisha vijiji ambamo wagonjwa wa akili waliishi na kulima kabla ya kurudi makwao.

SISI WA KASIKEU TUNAJIFUNZA NINI?

Sasa nirudi kwetu. Nimewaona kwa macho yangu vijana wa sehemu hizi waliorudi kutoka hospitalini baada ya kuugua akili. Mtu akirudi na mguu uliovunjika, majirani wanajaa uani na sukari na maziwa. Akirudi na akili iliyovunjika, njia ya kwenda kwao inakuwa kimya. Watoto wanakatazwa kupita hapo. Mama yake anaacha kwenda sokoni Sultan Hamud ili asiulizwe maswali. Wenzake wa darasani wanampa jina la utani, na jina hilo linakaa kuliko ugonjwa.

Utafiti wa nchi nyingi umeonyesha kwamba wiki za kwanza baada ya kutoka hospitali ya akili ni wakati wa hatari kubwa kwa mgonjwa, hata hatari ya kujitoa uhai. Yaani wakati ule ule ambapo sisi tunanyamaza na kukaa mbali ndio wakati anaotuhitaji zaidi. Kwa muda mrefu hata sheria yetu ilimwona aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, mpaka Mahakama Kuu ilipoamua mwaka 2025 kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Sheria ikilegea na sisi tukabaki wagumu, tutakuwa tumefanya nini?

Wala tusiseme mambo haya ni ya Nigeria. Katika miaka ya 2010 watafiti wa Kenya walifanya kazi hapa hapa Makueni, wakawakutanisha wauguzi, waganga wa kienyeji na viongozi wa dini wazungumze jinsi ya kuwasaidia wagonjwa wa akili na kuwaelekeza kliniki. Wazo la Lambo lilifika kwetu.

Na sisi tuna kitu ambacho Lambo angekipenda: mwethya. Babu zetu walijua kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Mwethya umejenga mitaro ya kuzuia mmomonyoko, umechimba visima na kuinua madarasa. Kwa nini usiibebe familia moja kwa miezi mitatu? Simaanishi mambo makubwa. Jirani mmoja amsindikize kijana kliniki siku ya dawa. Mwingine akae naye mchana mmoja kwa wiki ili mama aende shambani au alale. Vijana wawili wamwite kucheza mpira au kulisha mbuzi pamoja nao. Mwalimu amruhusu arudi darasani kidogo kidogo, nusu siku kwanza. Mhudumu wa afya wa kijiji apite kuuliza hali. Baada ya miezi mitatu watu wakae chini waangalie: amesimama? Kama bado, waongeze. Kama amesimama, mwethya uende kwa mwingine. Mzigo ukigawanywa hivyo, hautamwelemea mwanamke mmoja kama ulivyowaelemea wengi kule Nigeria.

Na sisi wanafunzi tuna letu. La kwanza ni ulimi. Tuache kuitana majina ya Mathari. La pili, mwenzako akikwambia hataki kuishi tena, usicheke na usiifanye siri. Kaa naye, kisha mwambie mwalimu, mzazi au muuguzi siku hiyo hiyo. Kuitunza siri ya namna hiyo si urafiki. La tatu, wewe mwenyewe ukihisi kichwa kinawaka na vitabu havisomeki, sema mapema. Hata wale waliokwenda Uingereza na masanduku ya vitabu waliugua, na waliosaidiwa walipona wakaendelea.

Lambo hakuwa mchawi. Alikuwa kijana wa chini ya mwamba aliyekuta wagonjwa wengi na vitanda vichache, akakumbuka kwamba kijijini hakuna mtu anayelala nje. Kasikeu nako hatukufundishwa kumwacha mtu alale nje. Haya, kalamu naiweka chini. Kazi iliyobaki ni ya mikono yetu.